Aliyepandishiwa Hauzi

Kijijini kwetu Saint-Aubran udongo hauna adabu. Ukiuacha peke yake unashuka. Mvua ikinyesha unashuka, theluji ikiyeyuka unashuka, na hata siku kavu ya Agosti, mtu akipita na viatu vizito kati ya mizabibu, nyuma yake changarawe zinateremka zenyewe kuelekea mto Rhône kana kwamba zimeitwa. Mteremko wetu ni mkali hata farasi waliukataa, na trekta hazijawahi kujaribu. Ndiyo maana kila majira ya baridi, kupogoa kukiisha, kila nyumba huchota udongo wake uliolala chini ya kuta za mawe zinazoshikilia matuta na kuurudisha juu kwa tenga la mgongoni. Udongo wa kuletwa kwa lori hautakiwi, sheria inayolinda jina la mvinyo wetu inaukataza, na hata isingeukataza, nani angethubutu? Unarudishwa ule ule, kwenye tuta lile lile, na mtu mwenye bidii ataurudisha hata kwenye mstari ule ule.

Mgeni akiuliza sababu, anamiminiwa glasi. Mvinyo wetu ukiwa mchanga haunyweki. Unakaza ulimi, unakausha mashavu, na wengi huutema. Uweke ghalani, usahau kama upo, uwaoze watoto wako, ndipo uufungue. Kwanza inakuja pilipili manga, kisha maua ya urujuani, halafu kitu kisicho na jina ambacho sisi tunakiita jiwe. Jiwe lenyewe ni ule mwamba uliooza wa matuta yetu, unausaga kwa vidole na kubaki na vumbi linalometameta. Nenda kidogo tu kusini, pale mwamba unapokwisha na udongo wa mfinyanzi kuanza, zabibu ni ile ile, upogoaji ni ule ule, lakini mvinyo ni laini, mtamu, unacheka na kila mpita njia. Sisi hatucheki na kila mpita njia. Wazee walisema udongo ndio uliotufanya wagumu hivi. Huenda. Huenda pia ni tenga, maana mtu anayehema kwa mzigo hana pumzi ya kusalimia.

Sylvette Rouveyrol alikuwa ameubeba udongo huo miaka thelathini na kitu, na haukuwa wa kwao. Yeye alizaliwa juu, kwenye uwanda wa baridi ulio nyuma ya mteremko, kwa watu wa mbuzi na jibini, ambao zamani waliishi kwa kokwa za mwituni walizosaga unga. Watu wa mteremkoni waliwaita wala kokwa, na waliona wamewastahi. Alipochumbiwa na Aimé Rouveyrol, mama mkwe wake Léontine alimpima mabega kwa uzi, akisema anataka kumshonea gauni la Jumapili. Siku ya harusi zawadi ikafunguliwa mbele ya watu: tenga jipya la fito, lenye mikanda ya ngozi, na lilimkaa mgongoni sawasawa. Watu wakapiga makofi. Sylvette naye akapiga makofi, maana angefanya nini?

Siku hiyo hiyo alionja mvinyo wa nyumba ile kwa mara ya kwanza, akautema kwenye kitambaa kwa siri. Miaka ikapita, ulimi ukabadilika. Akafika mahali ambapo mvinyo wa kusini aliuona kama uji wa watoto, na akinywa wa nyumbani aliweza kusema ni wa tuta la juu au la chini. Hakumbuki aliazimia lini kujifunza hayo. Udongo ulimwingia tu, kama ulivyomwingia kwenye kucha.

Aimé alimfaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na katika hayo machache hapakuwa na baya. Alifia ghalani, ghafla, kati ya mapipa. Léontine alifuata baadaye akiwa mkongwe wa kupindukia, akiteta mpaka dakika ya mwisho kwamba soksi alizovishwa si zake. Watoto hawakuwapo. Akabaki Sylvette, matuta, na nyumba.

Nyumba yenyewe iliufuata mlima. Sakafu ya jikoni iliinama, na yai ukiliweka mezani linakwenda. Miguu miwili ya meza ilitiwa vibao, ya kitanda pia, na bado Sylvette alilala kila siku akihisi anateleza kuelekea ukutani. Goti la kulia lilikuwa limevimba likakataa kunywea. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: nchi tambarare. Dada yake Josiane aliolewa Camargue, kule chini kabisa ambako Rhône inamalizikia baharini, nchi ya chumvi, mpunga na farasi weupe, tambarare kama kiganja. Sylvette aliwahi kwenda mara moja. Mvinyo wao wa mchangani ulimshinda, lakini alilala kama mtoto aliyeshiba.

"Chumba nimekipaka rangi," Josiane alisema kwenye simu Januari ile. Naye alikuwa mjane. "Unangoja nini? Mlima uje ukuage?"

"Kuna kupogoa."

"Mwaka gani hakuna kupogoa? Hebu nisikilize, wewe. Udongo wenu unashukia mtoni, sivyo? Na mto unaupeleka wapi? Huku! Udongo umeshakutangulia, mwanamke. Umebaki wewe tu na ubishi wako."

Sylvette alicheka mpaka goti likamuuma. Kisha akashangaa kujisikia akisema, "Haya, nitandikie kitanda. Nakuja baada ya sikukuu ya Bikira, mwezi wa tatu."

"Kweli? Basi mpigie mwanasheria leo leo auze hayo mawe."

"Hapa hatufanyi hivyo."

"Hamfanyi? Nyinyi na nani?"

Sylvette akaaga akakata simu, na hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Kwetu hakuna anayetamka kwamba anauza. Neno hilo ni kama tusi la msibani. Mtu aliyechoka huacha udongo wake pale ulipolala, hapandishi. Wengine wanaona, wananyamaza. Sikukuu ya Bikira ikikaribia, udongo ungali chini, jirani mwenye nguvu anakuja na chupa ya mwaka mzuri, anakaa, wanazungumza habari za mbwa na mvua, na akiinuka kuondoka matuta yameshapata mwenyewe mpya. Karatasi zitafuata. Laiti Sylvette angeondoka kama mtu wa juu, kwa kelele, kwa mwanasheria na bango barabarani, wangemsema wiki mbili yakaisha. Lakini alikuwa ameitwa "yule wa juu" tangu siku ya tenga, na kwa ukaidi alitaka angalau kuwaondokea kama mmoja wao.

Basi akapogoa mizabibu yote, maana kuiacha bila kupogoa ni ukatili, kisha akalitundika tenga ghalani na hakulishusha tena.

Hakujua itakuwa vigumu hivyo. Mvua za vuli zilikuwa nzito mwaka ule, na udongo ulilala chini ya kila ukuta kwa wingi, ukimtazama jikoni na chumbani kama mbwa aliyefungiwa nje. Alipika akiuona. Alijifuta uso akiuona. Mwishowe alivuta mbao za madirisha yote ya upande wa mteremko, akazifunga kwa komeo, akakaa kwenye giza lake akinywa kahawa kwa amani.

Hapo sasa ndipo kosa. Kuna desturi ya pili, ambayo haikuwa imetendwa tangu kabla hajaolewa, na hakuna aliyemwambia kwa kuwa kwetu hakuna anayedhani ni jambo la kuambiwa. Nyumba iliyoacha udongo chini na madirisha wazi, imechoka. Nyumba iliyoacha udongo chini na kufunga madirisha ya mteremkoni, ina mgonjwa. Na mgonjwa haendewi na chupa. Mgonjwa hupandishiwa: majirani wanakuja na matenga yao wanaurudisha udongo wake juu, bure, bila kuombwa.

Mara ya mwisho alipandishiwa Célestine Vernoux, alipokuwa mke kijana. Ilisemekana ni mapafu. Célestine sasa alikuwa na miaka themanini na zaidi, na mapafu yake yalisikika kijiji kizima kila alipomfokea paka. Nyumba yake na ya Sylvette zilitenganishwa na ukuta wa kifuani, na kwenye ukuta huo yeye na Léontine waligombana kila siku ya Mungu, juu ya kuku, juu ya maji, juu ya nani alizaliwa lini. Léontine alipokufa, Célestine alimhamishia Sylvette ugomvi wote bila kupunguza kitu.

"Umefunga madirisha," alisema kutoka upande wake, mikono kiunoni.

"Jua linaniumiza macho, Mama Célestine."

"Jua gani la Februari? Nyie wala kokwa mnaona jua hata pangoni."

"Basi ni baridi."

"Baridi." Akamtazama kuanzia kichwani, akaishia kwenye goti. "Na hilo?"

"Daktari wa mjini Valence ameliona."

"Valence! Kwa goti tu?"

"Alisema..." Sylvette akasita. Daktari alisema goti lile lingependa nchi isiyo na mlima, na hilo halikusemeka ukutani. "Alisema tutaona."

"Tutaona," Célestine alirudia polepole. Akachukua ndoo yake akaingia ndani bila hata neno la kuchokoza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Kuanzia hapo watu wakabadilika. Bi Poncin wa duka la mkate, ambaye miaka yote alimsukumia wowote uliokuwa karibu, akaanza kumchagulia wenye ganda zuri na kumfungia kwa karatasi. Anselme Charrière, binamu wa marehemu Aimé, alikuja na kuni zilizokwisha kupasuliwa akazipanga mwenyewe. Huyu Anselme matuta yake yalipakana na ya Rouveyrol, na kila mtu alijua aliyatamani tangu akiwa na kaptula. Sylvette alikuwa akimngoja yeye na chupa yake.

"Shemeji, usibebe kitu kizito," alisema akitazama kofia aliyoishika mkononi.

"Anselme, mikono ninayo bado."

"Najua, shemeji. Najua. Wewe ni jasiri."

Jasiri! Alipopanda na tenga kwenye barafu hakuna aliyemwita jasiri. Alipojenga upya ukuta wa tuta la pili mwezi mmoja baada ya kumzika mumewe, walichomwambia ni kwamba jiwe la pembeni limekaa upande. Sasa alikuwa jasiri. Sylvette alirudi ndani akijipangusa macho, akiona kwamba watu hawa, pamoja na ugumu wao, wanajua kuaga. Alidhani wanamuaga. Wao walidhani anakufa.

Na kila alilofanya lilizidi kuwathibitishia. Alimpa Bi Poncin kuku wake, na mama wa watu akawapokea huku analia. Alipeleka blanketi za Léontine kanisani. Jumapili moja walimpisha benchi la mbele karibu na hita, naye kwa shukrani akatokwa na machozi mbele ya padri, na machozi hayo yakamaliza shaka ya yeyote aliyekuwa bado nayo. Jioni alimpigia dada yake simu. "Josiane, hutaamini, wananipenda." Josiane akamwambia apande treni kabla hawajaacha.

Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu aliamka mapema. Sanduku lilikuwa limefungwa chini ya kitanda. Alioka keki, akaweka bakuli la jibini ya mbuzi na glasi mbili safi mezani, akavaa gauni la kanisani, akatia jikoni sufuria kubwa ya supu ili Anselme asiseme amefukuzwa na njaa. Akakaa. Moyo ulikuwa mwepesi. Alijiona tayari kwenye barabara ya Camargue, iliyonyooka, bila hata mwinuko wa kukanyaga.

Akasikia miguu. Akasimama, akajinyoosha nywele. Lakini miguu ilikuwa mingi mno kwa mtu mmoja na chupa yake, na haikuja mlangoni. Ilipita nyuma ya nyumba, ikafuatiwa na mlio wa sepetu zikigonga mawe. Sylvette akatoa komeo, akasukuma mbao za dirisha.

Mteremko ulikuwa umejaa watu. Anselme alikuwa mbele, tenga limejaa mpaka ukingoni, akipanda ngazi za mawe kwa hatua fupi kama mtu anayehesabiwa. Nyuma yake Bi Poncin, na mumewe bado ana unga nyusini. Padri alikuwa amepandisha kanzu na kuifunga kiunoni. Walikuwapo wa barabara ya chini, walikuwapo hata watu wa nyumba ambayo haikusemezana na Rouveyrol tangu kesi ya mfereji. Mzee mmoja alichota udongo kiganjani, akausaga, akaunusa, akasema, "Huu ni wa tuta la tatu, msipeleke juu," na wakampisha apite nao kwenye la tatu.

Sylvette alitoka mbio na ndala za ndani, gauni la kanisani likibururika kwenye tope.

"Acheni! Jamani, acheni! Mnafanya nini?"

"Rudi ndani, shemeji," Anselme alisema kwa upole. "Utapigwa na baridi."

"Mimi siumwi!"

Wote wakasimama. Wakamtazama kwa huruma ambayo ungeweza kuipaka kwenye mkate.

"Siumwi! Nina goti tu, basi! Nilitaka kuondoka. Nilikuachia wewe, Anselme. Matuta yote! Nimekungoja na chupa yako wiki nzima, nimekuokea na keki!"

Bi Poncin akaanza kulia kwa sauti. Anselme akavua kofia.

"Mnamsikia?" akawaambia wengine. "Hata sasa anataka kutupunguzia mzigo."

"Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo," alisema yule mzee wa tuta la tatu. "Siumwi, siumwi, mpaka tunapigilia misumari."

"Niwaapie nini? Niwaletee daktari?"

"Daktari tena wa nini, mwanangu," padri alisema, akimshika bega. "Sisi tupo."

Ukweli wote alikuwa ameusema, mchana kweupe, mbele ya padri, na haukumsaidia kitu. Aliona jinsi walivyomtazama, akaelewa kwamba angeweza kucheza dansi pale topeni nao wangesema ni homa.

"Na hayo mawazo ya kuuza yaishe," Anselme aliongeza. "Aliyepandishiwa hauzi. Akishapona anawapandishia waliompandishia, kila mmoja siku yake ya kuugua. Mpaka wa mwisho. Unajua wewe."

"Sijui! Nani aliandika hayo?"

"Nani aandike?" Anselme alishangaa kwa dhati. Kisha akavaa kofia, akainama, akajitwika. Alikuwa akiyatamani matuta yale maisha yake yote, na kila hatua aliyopanda ilimwondolea matumaini ya kuyapata, na bado alipanda. Ilionekana usoni kwamba wema ule unamuuma. Sylvette hakuweza hata kumchukia.

Aliwatazama mmoja mmoja. Watu wazima, wenye afya, mashavu mekundu kwa kupanda. Wote hao wangoje kuugua? Maisha yake yasingetosha. Na jinsi walivyofanya kazi kwa uangalifu ndiyo ilimtia uchungu zaidi: walimwaga udongo kwenye shina, wakaukandamiza kwa kiganja, wakarudi nyuma kuangalia. Waliujua udongo wake punje kwa punje. Yeye mwenyewe, alivyosimama pale na ndala, hapakuwa na hata mmoja aliyemjua.

Akarudi jikoni kwa kuchechemea. Célestine alikuwa tayari yumo, ameingia kwa mlango wa nyuma, anakoroga supu.

"Hao watataka kula," alisema bila kugeuka. "Nimekuongezea kabichi na kipande cha mafuta ya nguruwe. Chumvi yako unaificha wapi?"

Sylvette akajitupa kitini. "Waambie wewe, Mama Célestine. Watakusikiliza wewe. Waambie siumwi."

"Huumwi. Najua."

"Unajua?"

"Mgonjwa gani anafunga dirisha? Mgonjwa anataka hewa. Anayefunga ni yule asiyetaka kuona. Hao wajinga hawajawahi kuwaza hilo." Akakung'uta mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Mimi langu nililifunga kwa sababu hiyo hiyo. Mapafu! Mapafu yangu yalikuwa mazima kama haya. Nilikuwa na sanduku nyuma ya mlango, na mtu ananingoja Lyon."

"Mtu gani?"

"Ameshakufa, usinichokoze. Basi wakaja na matenga, kama hivi. Na mimi nikatoka na kandambili, nikapiga kelele, kama wewe. Nilipiga kelele nzuri zaidi."

"Na nani aliwaambia kwamba ni mapafu?"

"Mama mkwe wako. Sanduku aliliona kwa macho yake. Akazunguka nyumba kwa nyumba analia, kisha akaja akanikorogea supu."

Sylvette aliuliza swali lake polepole, kwa kuwa jibu alikwisha kuliona.

"Na safari hii nani alizunguka?"

Célestine akaonja kwa ncha ya mwiko. "Bado chumvi."

"Nani?"

"Mimi. Mwingine mwenye mdomo ni nani hapa?"

Sylvette akasimama, glasi moja ikaanguka na kuviringika mpaka ukutani. Hakuwahi kukasirika hivyo tangu azaliwe. "Nimekukosea nini? Niambie! Dada yangu amepaka chumba rangi. Kitanda changu kimetandikwa. Goti langu limekwisha, mgongo umekwisha, na mimi si wa hapa, miaka yote hii mnaniimbia kwamba si wa hapa!"

"Na wa hapa ni nani? Udongo wenyewe unatoroka kila mvua." Célestine aligeuka, mwiko mkononi. "Wa hapa ni aliyerudishwa, basi."

"Kwa nini, Mama Célestine?"

"Ukienda, nitagombana na nani? Na Anselme? Anselme hajui hata kutukana. Asubuhi nafungua mlango, nakuta ukuta na hakuna kichwa juu yake. Nifunge tena? Nikae nangoja nini?" Sauti ilimpanda na kukatika. "Léontine ameniacha. Wewe huniachi."

"Nitakuchukia."

"Nichukie. Mimi nilimchukia Léontine mpaka anakufa, na hakuna hata siku moja tuliyokosa kuonana. Nichukie unavyotaka, lakini uwe hapa hapa."

Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyemzuia Sylvette, na hakuna sheria ya serikali inayomkataza mjane kushuka stesheni na sanduku lake. Alilifikiria hilo mpaka mwisho wake. Angepita mbele yao wote, wao wamejitwika udongo wake, padri kanzu kiunoni, Bi Poncin analia, na wangempisha njia, na Anselme angetaka kumbebea sanduku. Akajiuliza angepita akitazama wapi. Alitafuta, hakupata pa kutazama.

Bi Poncin akachungulia mlangoni, akijipangusa pua kwa mkono wenye tope. "Samahani, mpenzi. Wameuliza kama kuna chochote cha moto. Lakini ukae, usijisumbue."

Sylvette akamnyang'anya Célestine mwiko. "Toka hapo, unaiharibu." Akatia chumvi, akaonja, akatia tena. Bakuli la kwanza alimjazia kikongwe yule mpaka ukingoni, supu ikichemka, akatumaini itamuunguza ulimi. Célestine akalipokea, akakaa kwenye kiti kilichoandaliwa kwa Anselme, akaanza kupuliza. Alikuwa analia, na hakujificha.

Sylvette akabeba trei akatoka nayo nje. Watu walikuwa wamekaa kwenye kuta zake, wamechoka, wanacheka kwa mara ya kwanza mwaka ule, na kila tuta lilikuwa limerudishiwa chake mpaka la juu kabisa. Aliwagawia mmoja baada ya mwingine. Anselme alipokea bakuli lake kwa mikono yote miwili.

"Utapona, shemeji," alimwambia.

"Asante," Sylvette alisema. "Nitajitahidi."